Ruweyda na Maneno Mapacha

Kila siku kabla jua halijachomoza, mji wa Bura ungali umejifunika ule ubaridi wake mfupi, Ruweyda Bare alikuwa ameshafika duksi. Aliketi mkekani pamoja na wenzake, loho yake ya mbao mapajani, wakasoma Kurani kwa sauti huku Maalim akipita katikati yao akisikiliza. Jua lilipochomoza alikimbia nyumbani, akala anjera mbili kwa chai ya maziwa ya ngamia, akavaa hijabu ya shule, kisha akakimbia tena. Msichana huyu wa miaka kumi na miwili hakujua kutembea. Mama yake, Sirad, alisema kwamba miguu ya Ruweyda ina haraka, lakini kichwa chake kina haraka zaidi.

Kichwa hicho kilikuwa na sifa mtaa mzima. Alichokisikia mara tatu alikuwa amekishika. Duksini alishahifadhi juzuu kumi na mbili, na shuleni hakuna shairi lililomshinda. Walimu walimsifu, majirani walimsifu, hata muuza duka alimsifu. Mtu akisifiwa kutwa kucha mwishowe huamini, na Ruweyda alikuwa ameamini zamani.

Jumatatu moja Mwalimu Kanana aliingia Gredi ya Sita akiwa na barua mkononi na tabasamu aliloshindwa kulificha. Mwalimu huyu alitoka Meru, alifundisha Kiingereza, na kwa miaka minne aliyokaa Bura alikuwa amejifunza Kisomali cha sokoni na kunywa chai ya iliki bila kuhesabu vikombe.

"Tumealikwa Garissa mjini," alisema. "Mashindano ya maneno mapacha."

Wanafunzi walitazamana. Maneno nayo huzaliwa mapacha?

Mwalimu Kanana akageukia ubao, akaandika "flour" na "flower". Aliyatamka yote mawili, na masikioni mwao yakawa neno moja. "Hili la kwanza ni unga," alisema. "Hili la pili ni ua. Sauti moja, maana mbili mbali kabisa. Mama akikutuma dukani ukarudi na la pili, mtapika nini jioni?"

Wanafunzi waliangua kicheko. Shuaib, mvulana mrefu wa dawati la nyuma aliyependa kuuliza maswali kuliko kula, akainua mkono. "Mwalimu, na 'pear' na 'bear' je? Tunda na yule mnyama?" Kinywani mwake yote mawili yalianza na b.

"Hayo ni mapacha Bura tu, Shuaib," Mwalimu Kanana alisema huku akicheka, na Shuaib mwenyewe akacheka kuliko wote.

Kisha mwalimu akaeleza. Jaji angetamka sauti moja. Mshindani angeandika kwenye kibao maneno mawili yenye sauti hiyo, halafu aeleze maana ya kila moja, yote kwa nusu dakika. Kila shule ingepeleka washindani wawili na mmoja wa akiba. Na zawadi? Hapo Mwalimu Kanana alivuta pumzi. Zawadi ilikuwa kabati zima la vitabu vya hadithi, vitabu mia mbili.

Mia mbili! Shule yao ilikuwa na vitabu vya hadithi kumi na vitatu tu, vilivyosomwa hadi majalada yakawa laini kama kitambaa. Ruweyda alikuwa amevisoma vyote mara nne. Aliitaka nafasi hiyo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote.

Mwalimu Kanana aliwapa orodha ya jozi mia moja na ishirini pamoja na maana zake, wainakili madaftarini. "Mna siku kumi na mbili," alisema. "Msizimeze. Zitafuneni."

Ruweyda alizimeza. Alizitia lahani, akazikariri kwa sauti kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, akiyumba mbele na nyuma kama alivyofanya duksini. Alikariri akichota maji, akakariri akifagia, hata wadogo zake wakaanza kuimba "meat, meet, hair, hare" wasijue wanaimba nini. Kwa siku tatu tu orodha yote ilikuwa kichwani. Alichosahau ni kwamba duksini Maalim alikuwa amemlea aya kwa aya kwa miaka sita, akimrudisha nyuma, akimwanzisha katikati, akimkosoa. Yeye alichukua ile lahani, miaka sita akaiacha.

Alhamisi alisimama mbele ya darasa akaimwaga orodha nzima bila kukohoa. Wenzake walipiga makofi hadi viganja vikawasha. Ruweyda na Shuaib wakateuliwa kuwa washindani, na Idman, msichana mpole mwenye mwandiko mzuri, akawa wa akiba.

"Wewe bado unasumbuka na hilo daftari?" Ruweyda alimwuliza Idman wakati wa mapumziko. "Mimi langu nimeshalifunga."

Idman alitabasamu tu, akaendelea kusoma. Waliosema debe tupu haliachi kuvuma hawakumjua Ruweyda, lakini siku hiyo wangemtambua.

Jumanne iliyofuata, mwalimu mkuu, Bwana Mutuku, alikuja kuwapima mwenyewe. Alikuwa mtu mkubwa wa maneno machache, na saa yake ya mkononi aliiweka juu ya meza kama jaji. Akatamka sauti moja: "Herd."

Ruweyda alilijua. Lilikuwa la sitini na ngapi hivi. Akafumba macho, akaanza kunong'ona tangu mwanzo, "flour, flower, meat, meet, hair, hare..." kwa maana hakujua njia nyingine ya kulifikia. Chaki ilikuwa tayari mkononi, jasho tayari kwapani. Alikuwa amefika jozi ya kumi na tisa Bwana Mutuku aliposema, "Muda umekwisha. Shuaib?"

Shuaib aliandika "herd" na "heard" kwa mwandiko wa kuku, akasema, "La kwanza ni kundi la mifugo. Sisi tuko na kundi, Mwalimu, ngamia kumi na moja. La pili ni kusikia jambo, jana au juzi, imeshapita."

"Vizuri. Ruweyda, nyingine. Dew."

Safari hii maneno yalimjia upesi, akaandika "dew" na "due" akajawa na furaha. La kwanza akalieleza: ni umande. Halafu akakwama. Lahani ilikuwa imebaki na maneno, lakini maana zake zilikuwa zimedondoka njiani. "La pili," alisema kwa sauti ndogo, "ni umande mwingi."

Darasa lilicheka. Hata Idman aliziba mdomo. Bwana Mutuku hakucheka. "Binti wa wafugaji ameshindwa na kundi la mifugo," alisema taratibu, "kisha akatunyeshea umande usiokuwepo. Mwalimu Kanana, Jumamosi ni karibu. Nafasi hii apewe Idman."

Uso ulimshuka Ruweyda. Alirudi dawatini, akainamisha kichwa juu ya daftari, na machozi yakaidondokea ile orodha yake nzuri. Siku hiyo alitembea kurudi nyumbani. Majirani waliomwona waliulizana kama anaumwa.

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu ya miti, mbuzi walirudi kutoka malishoni wakilia, na wanambuzi waliobaki nyumbani kutwa wakawaitikia kutoka kwenye kizizi chao cha miiba. Ilikuwa kazi ya Ruweyda kila jioni kuwatoa wanambuzi mmoja mmoja na kumpeleka kila mmoja kwa mama yake anyonye. Mgeni angechanganyikiwa, maana mbuzi wa kwao karibu wote ni weupe, na watoto wao ni weupe vilevile. Ruweyda hakuwahi kukosea tangu akiwa na miaka saba.

Siku hiyo alikosea. Alimsukuma mwanambuzi chini ya mbuzi asiye mama yake. Mbuzi akanusa, akageuka, akampiga pembe yule mdogo mpaka akabiringika vumbini. Muda si muda akakosea tena.

"Hooyo, leo una nini?" Sirad aliuliza. Akina mama wa Kisomali humwita mtoto kwa jina lile lile analowaita wao, hooyo, yaani mama, na siku hiyo neno hilo lilimfungua Ruweyda kilio chote. Akasimulia kila kitu: orodha, lahani, Bwana Mutuku, umande mwingi, nafasi iliyokwenda kwa Idman, na vile vitabu mia mbili.

Mama alimsikiliza huku akikamua. Yeye hakuwahi kuingia darasani, na Kiingereza alikisikia redioni tu.

"Mbuzi wangu ni wangapi?" aliuliza mwishowe.

"Thelathini na wanne."

"Nitajie kuanzia wa kwanza."

Ruweyda alishangaa. "Hooyo, hakuna wa kwanza. Wanakuja vyovyote."

"Na unawajuaje?"

"Nawajua tu!"

"La, wallahi, hukuwajua tu. Yule mwenye sikio lililokatika ulimkanda mguu wiki nzima alipovunjika. Yule mwembamba alikula shuka yangu ya Idi, ukacheka hadi ukakaa chini. Yule pale alizaa mvua ikinyesha, ukamfunika mtoto wake kwa hijabu yako, nikakugombeza. Kila mmoja una habari yake." Mama akaweka chini kibuyu cha maziwa. "Sasa hayo maneno yako ya Kizungu, lipi umewahi kukaa nalo?"

Ruweyda aliyapitia kichwani. Hakukaa na hata moja. Aliyajua kama mtu anayewajua mbuzi kwa foleni yao kisimani, siku foleni ikivurugika hana mbuzi. Ghafla akaruka juu, mwanambuzi akamponyoka mkononi.

"Hooyo! Nimeelewa! Nimeelewa!"

"Umeelewa, haya. Kwanza mrudishe huyo mtoto kwa mama yake," Sirad alisema akicheka.

Kesho yake baada ya shule Ruweyda aliikata orodha yake vipande vipande, jozi moja kila kipande, akavitia ndani ya mkebe wa maziwa ya unga na kuutikisa. Mama akawa jaji. Alichomoa karatasi, akaitazama kwa makini kana kwamba anaisoma, kisha akaishika juu binti yake aione na kuisoma kwa sauti. Ruweyda alipaswa kueleza kila neno kwa Kisomali hadi mama aelewe. Sharti la mama lilikuwa moja: "Nisipoelewa mimi, basi wewe hujaelewa."

Na mama hakuwa jaji wa mchezo. "Hili 'due' la pili ni nini?" aliuliza.

"Ni kitu ambacho wakati wake umefika. Kama vile yule mbuzi mweusi, mimba yake imetimia, anazaa wiki hii."

"Ahaa. Huyo namjua. Jingine."

Kila neno likapata pa kukaa. "Flour" likaenda kukaa kwenye gunia la unga wa anjera, "dew" likakaa asubuhi juu ya mikeka inayofunika nyumba, "hare" likakimbia kichakani na sungura. Ruweyda alicheka, akapiga makofi, akataka karatasi nyingine na nyingine. Lakini kulikuwa na maneno ambayo alijaribu kuyaeleza akazungukazunguka, na mama akamtazama tu. Hapo Ruweyda alijifunza kusema neno lililomkwama kooni mara ya kwanza: "Hili silijui." Karatasi hiyo iliwekwa kando. Alhamisi asubuhi alimpelekea Mwalimu Kanana karatasi kumi na tisa zilizomshinda, amwulize moja moja.

Mwalimu Kanana alizitazama zile karatasi, akamtazama Ruweyda. "Wiki iliyopita ulikuwa unajua yote," alisema.

"Wiki iliyopita sikujua kwamba sijui, Mwalimu." Kisha akakusanya ujasiri. "Naomba kujaribiwa tena." Akamgeukia Idman aliyekuwa ameketi dawatini. "Na Idman, samahani. Nilikucheka na daftari lako, nawe ndiye uliyekuwa unafanya kazi."

Bwana Mutuku alipoambiwa alikuna kidevu. "Nafasi ni ya Idman, ameipata kwa haki. Akikubali kuishindania, sawa."

"Nakubali," Idman alisema. "Sitaki kwenda Garissa nikijua kuna mtu anaweza kunishinda hapa Bura."

Ijumaa mapema wakashindana mbele ya darasa, maswali thelathini kutoka popote. Chaki ziliruka! Idman alipata ishirini na sita. Ruweyda alipata ishirini na nane. Idman alimkumbatia akamnong'oneza, "Ukishindwa huko nitakunyang'anya hiyo nafasi mwakani," na wote wawili wakacheka.

Jumamosi, mara baada ya swala ya alfajiri, waliondoka Bura kwa gari la kukodi, vumbi likiwafuata nyuma. Garissa iliwapokea kwa joto na kelele. Ukumbi ulijaa watoto wa shule kumi na nne, sare za kila rangi, na mbele kabisa, karibu na meza ya majaji, lilisimama kabati lenye milango ya kioo. Vitabu vilipangwa ndani, migongo yake ikiwaka rangi. Ruweyda alilitazama akasahau kupumua.

Jaji mkuu alikuwa Bi Wanji, mwalimu mstaafu mwenye miwani na sauti iliyofika hadi mlangoni. Akatangaza kanuni. Neno lililoelezwa sawasawa, alama moja. Neno lililoelezwa vibaya, alama moja inaondolewa. Asiyejua akisema hajui, hapewi kitu wala hanyang'anywi kitu.

Shule zikaanza kupukutika moja baada ya nyingine. Shuaib alijibu kwa mifano ya ngamia tupu, hata sauti za mambo ya baharini akaziingizia ngamia, na ukumbi ukampenda. Ruweyda alijibu kila sauti kama mtu anayemwita rafiki. Kufika adhuhuri zilibaki shule mbili: yao, na shule moja ya mjini iliyoleta mvulana nadhifu aitwaye Najib, aliyejibu bila kupepesa jicho. Alama zilikuwa sawa. Ikabaki sauti moja ya mwisho, Ruweyda na Najib, kila mmoja na kibao chake, wamepeana migongo.

"Gate," Bi Wanji alitamka.

Ruweyda aliandika "gate". Lango, hilo alilijua. Pacha wake je? Halikuwemo katika zile mia moja na ishirini. Alitafuta juu, akatafuta chini. Angeweza kubuni. Herufi zilimchezea mbele ya macho, zikimshawishi, na ukumbi mzima ulikuwa ukimtazama, Idman ameuma vidole, kabati linang'aa. Kusema hajui, hapa, mbele ya watu wote hawa? Nusu dakika ikaisha.

"Ruweyda Bare," Bi Wanji aliita.

"'Gate' ni lango, kama lile la zizi tunalolifunga jioni fisi asiingie," Ruweyda alisema. "La pili silijui."

Mnong'ono ulipita ukumbini. Shuaib aliinamisha kichwa. Bi Wanji aliandika kitu, akamgeukia Najib. Najib aliinua kibao chake. Aliandika maneno yote mawili, "gate" na "gait", herufi hazina kosa. Watu wakaanza kupiga makofi.

"Maana," Bi Wanji alisema.

"La kwanza ni lango," Najib alisema haraka. "La pili..." Akasita. Tahajia aliikariri, hakukariri maana. Akajitosa. "La pili ni aina ya mbuzi."

Ukumbi uliangua kicheko, na Ruweyda hakucheka, kwa sababu aliujua vizuri uchungu wa kicheko kile. Bi Wanji alinyamazisha watu kwa mkono mmoja. "Najib, alama moja, na moja inaondoka, hujapata kitu. Ruweyda, alama moja, na hakuna kinachoondoka." Akavua miwani. "Bura wameshinda!"

Shuaib alipiga yowe, Idman akapanda juu ya kiti, na Mwalimu Kanana, mwanamke wa heshima zake, akarukaruka kama mtoto huku akipiga vigelegele vya Kimeru. Ruweyda alisimama akicheka na kulia kwa wakati mmoja. Kisha, wote wakimsubiri aende kwenye kabati, akaelekea kwenye meza ya majaji.

"Samahani, Mwalimu," alimwambia Bi Wanji. "Lile neno la pili maana yake nini?"

Bi Wanji alivaa tena miwani. "Mwendo," alijibu. "Namna mtu au mnyama anavyotembea. Nimekuwa jaji miaka mingi, binti yangu. Washindi wote huniuliza zawadi iko wapi. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza neno ulilolikosa."

Najib alikuwa amesimama kando, macho mekundu. Ruweyda akamgeukia. "Umesikia? Ni mwendo. Mimi pia sikujua." Najib aliitikia kwa kichwa, akatabasamu kidogo.

Nje, wakati watu wazima wakihangaika kulipandisha kabati garini, Mwalimu Kanana aliwakusanya wanafunzi wake watatu kwenye kivuli cha ukuta.

"Nisikilizeni," alisema. "Kukariri si kosa, mwenye kumbukumbu nzuri amshukuru Mungu. Lakini jambo ulilokariri bila kulielewa ni mgeni nyumbani kwako. Siku ya shida haliitikii. Na asiyekubali kwamba hajui, nani atamfundisha? Leo hatukushinda kwa maneno tuliyoyajua tu. Yule mwenzetu aliyajua kama sisi. Tumeshinda kwa neno moja ambalo Ruweyda alikubali mbele ya watu wote kwamba halijui."

"Mwalimu," Ruweyda alisema, akipangusa macho kwa ncha ya hijabu, "kwa hiyo 'sijui' nayo ina alama?"

"Ina kabati zima," Mwalimu Kanana alijibu, akafungua mlango wa kioo, akawaambia kila mmoja achague kitabu chake cha kwanza.